Naombeni msaada wakuu: bundi watano darini, nani baba, nani mama, nani mtoto?

Mchungulia_dari:

Wakuu habari za muda huu, naenda moja kwa moja maana huu ubishi umeshanichosha. Kuna jengo kuukuu halikai mtu, darini wamehamia bundi, wale weupe weupe wenye uso wa kopa, kwa jina la kitaalamu nadhani ndo Tyto alba. Wiki ya tatu hii kila jioni najibanza kwa mbali na kamera nawapiga picha wakitoka na kuingia, na nimewahesabu wapo watano.

Sasa sikilizeni. Mmoja ni mweupe pee kifuani, sijaona hata doa moja, mwembamba mwembamba hivi, na huyo ndo anayeingia na panya mdomoni mara nyingi tu kwa usiku mmoja. Wa pili kifua chake kina rangi ya asali kwa mbali halafu kimenyunyiziwa vidoa vyeusi kama pilipili manga, amejazia kuliko yule wa kwanza, na wiki ya kwanza nilikuwa namwona kwa nadra sana ila siku hizi naye anatoka. Halafu wako watatu bado wana pamba pamba, hawajaruka, wanajipanga kwenye kitundu wanachungulia na kukoroma kama wazee wamelala. Kinachonichanganya ni kwamba mmoja wa hao wa pamba ni bonge, ukimtazama haraka unasema huyu mbona kawazidi hadi wazima, wakati mwenzake wa pembeni ni kadogo utadhani sio wa kiota kimoja.

Msimamo wangu: mweupe ni mama kwa sababu ndo analisha, wa madoa ni baba kwa sababu ni mkubwa. Rafiki yangu ninayeenda naye anakataa, anasema mweupe ni mtoto wa uzao uliopita hajakomaa rangi bado, eti bundi huanza weupe wakizeeka ndo wanatoka madoa. Tumebishana mpaka tumenuniana. Je manyoya peke yake yanatosha kusema? Na hao wadogo jinsia yao inajulikana saa hii au mpaka wakue?

Kigogota_mti:

Rahisi tu mkuu, angalia vipembe kichwani. Mwenye pembe dume, asiye na pembe jike. Kama jogoo na upanga.

bawa_kimya:

Kigogota_mti hapana aisee, hiyo naisikia sana na haina ukweli. Vile vipembe ni manyoya tu yamesimama, sio masikio wala sio pembe, na kwenye aina za bundi zenye navyo dume anavyo na jike anavyo. Bundi wa uso wa kopa ndo kabisaa, hana vipembe baba wala mama wala mtoto, kwa hiyo kwa kipimo chako dari zima lina majike matupu.

Mchungulia_dari ndugu yangu, wewe na rafiki yako wote mmekosa, ila mmekosa kwa heshima maana vitu mlivyoviangalia ndo vyenyewe, mmevisoma tu kinyume.

Kwanza toa kichwani hii habari ya mkubwa ndo dume. Kwa bundi karibu wote ni kama kwa mwewe na tai, jike ndo mkubwa na mzito, dume ndo mdogo mwepesi. Pili rangi. Kwa hawa wa uso wa kopa jike kwa kawaida anakuwa na rangi zaidi kifuani na tumboni, na madoa yake ni mengi na makubwa kuliko ya dume, dume anaelekea kwenye weupe na vidoa vyake ni vichache vidogo au havionekani kabisa. Kwa hiyo kwa maelezo yako mimi naweka kura yangu hivi: pilipili manga ni mama, mweupe ni baba.

Tatu, na hii ndo imenipa nguvu zaidi kuliko manyoya, ni tabia uliyoisimulia mwenyewe bila kujua. Jike peke yake ndo anaatamia mayai, karibu mwezi mzima, na makinda yakitoka anabaki nayo kuyafunika mpaka yapate joto lao wenyewe, muda wote huo dume ndo anawinda analetea familia nzima. Baadaye makinda yakiwa na wiki mbili tatu hivi jike naye anaanza kutoka. Wewe umesema wa madoa ulikuwa humwoni mwanzoni na sasa anatoka, si unaona? Anayebeba panya mara nyingi kwa usiku ni baba anatafuta riziki, umemwita mama wa watu bure.

Ila shika neno "kwa kawaida" kwa mikono miwili. Wapo majike weupe na wapo madume yenye madoa, zile rangi zinaingiliana katikati, na mahali penyewe panabadilisha kila kitu. Huko Ulaya wale wa kaskazini na mashariki wana vifua vya rangi ya kutu, wa Uingereza na Hispania ni weupe, sasa dume wa huku kwenye kutu anaweza kuwa na rangi kali kuliko jike wa huko kwenye weupe. Ndo maana ukiletewa picha ya bundi mmoja peke yake ukaambiwa taja jinsia, mtu mwenye akili anasita. Wewe una bahati, unao wawili wa kiota kimoja, unawalinganisha bega kwa bega.

Kuna mtafiti anaitwa Alexandre Roulin wa Chuo Kikuu cha Lausanne kule Uswisi, huyo amekula miaka na miaka anapima madoa ya hawa hawa bundi, ukubwa wa doa, idadi ya madoa, wekundu wa kifua. Katika kazi zao waliona kwamba madoa yanarithiwa kutoka kwa wazazi, na kwa majike ukubwa wa madoa unakwenda pamoja na jinsi mwili unavyopambana na wadudu wanaomnyonya. Yaani madoa sio pambo tu. Na ule weupe nao una kazi yake, mwaka 2019 timu hiyo ilionyesha kwamba usiku wa mbalamwezi bundi mweupe anapomulikwa na mwezi panya wa shambani wanaganda kwa woga muda mrefu zaidi kuliko wakitokewa na mwekundu. Fikiria, tunadhani mweupe angekuwa anajichoma mwenyewe kwa kuonekana, kumbe kuonekana ndo silaha.

Naomba kitu kimoja. Hizo picha zako ulipiga na flashi? Flashi inaua madoa, kifua kinawaka cheupe chote unabaki na shuka. Tafuta moja ya jioni kabla giza halijashika, na hasa ile anayopita juu yako bawa limefunguka. Angalia ubavuni na chini ya bawa, jike huwa ana vidoa mpaka huko, dume huko mara nyingi ni safi.

Mchungulia_dari:

Daah bawa_kimya umenivua nguo mchana kweupe. Flashi ndio nilitumia, tena zote za wiki ya kwanza. Ngoja nichambue folda nirudi. Ila vipi kuhusu yule bonge wa pamba? Na hoja ya rafiki yangu kwamba mweupe hajakomaa?

Mama_Makinda:

Hapa kwenye watoto niachieni mimi maana ndo ugonjwa wangu, nimekaa sana na watu wanaoweka pete ndege na makinda ndo yalikuwa yananimalizia siku.

Bonge wako ni wa kawaida kabisa dada au kaka sijui nikuiteje. Kinda la bundi wa uso wa kopa likifika kama wiki ya tano ya sita linakuwa zito kuliko mzazi wake, halafu linaanza kupungua kabla ya kuruka kwa mara ya kwanza kwenye wiki ya nane hivi. Mafuta yanakwisha, manyoya yanamalizika kuota, linabaki na umbo la kazi. Ongeza na ile pamba inavyolivimbisha, lazima utishike. Na kale kadogo pembeni ni ndugu yake wa damu, bundi jike anaanza kuatamia yai la kwanza likitua tu hasubiri mengine, kwa hiyo mayai yanaanguliwa kwa kupishana siku mbili tatu, kiota cha watoto sita unakuta wa kwanza na wa mwisho wamepishana wiki mbili. Ukiona ngazi ya vimo usiseme jike na dume, sema mkubwa na mdogo.

Sasa rangi. Kinda linatoka kwenye yai na malaika meupe machache, unaona hadi ngozi ya pinki, macho yamefumba. Karibu na wiki ya pili yale malaika ya kwanza yanafuatwa na malaika mengine mazito, ndo hiyo pamba unayoiona. Chini ya pamba manyoya ya kweli yanachomoza, kwanza kwenye mabawa, uso wa kopa unajichora, pamba inapukutika kidogo kidogo, mabaki ya mwisho utayaona yananing'inia tumboni na mapajani kama suruali iliyochanika.

Na hapa ndo hoja ya rafiki yako inapokufa. Hawa wa uso wa kopa hawana vazi la utotoni la kati. Wakitoka kwenye pamba wanavaa nguo za wakubwa moja kwa moja. Unyoya wa kifua ukichomoza unakuja na rangi yake na doa lake siku hiyo hiyo, hawaanzi weupe wakaja kutoka madoa uzeeni. Kwa hiyo mweupe asiye na pamba hata chembe, anayewinda na kulisha, huyo ni mtu mzima na weupe ni wake.

Faida yake ni kwamba swali lako la mwisho lina jibu nusu. Hao watatu wakifika wiki ya sita ya saba kifua kikiwa wazi unaweza kuanza kubahatisha, mwenye madoa makubwa mengi huenda ni binti, mweupe huenda ni kijana. Huenda. Sisi tulikuwa tunaandika alama ya kuuliza mbele na hakuna aliyeona aibu.

Ngoja_kidogo:

Mama_Makinda swali la nyongeza, wakishatoka kwenye pamba na wamevaa nguo za wakubwa, utamjuaje wa mwaka huu na wa miaka mitatu nyuma? Si watakuwa wanafanana?

Mama_Makinda:

Ngoja_kidogo hilo ndo swali tamu sasa. Hutazami rangi, unatazama umri wa unyoya wenyewe.

Kinda manyoya yake yote ya bawa yameota kwa mpigo mmoja, kwa hiyo yote yana umri mmoja, yamechakaa sawa, rangi sawa. Mtu mzima ananyonyoka kwa awamu, hamalizi bawa zima kwa mwaka mmoja, kwa hiyo bawa lake ni viraka, unyoya mpya mweusi mweusi unang'aa umekaa karibu na wa zamani uliopauka na kuchanika ncha. Kwa bundi wa uso wa kopa yale manyoya 10 makubwa ya mwisho wa bawa hayaanzi kung'oka pembeni, mara nyingi anaanza na la sita katikati, na mwaka wa kwanza wa kunyonyoka anaweza akabadilisha hilo moja tu au machache. Kwa hiyo ukikuta bawa zima limechakaa sawasawa isipokuwa unyoya mmoja mpya katikati, huyo ndo anaanza maisha.

Kuna na ile ya mistari ya njaa. Unyoya ukiwa unaota halafu ndege akapata shida, chakula kimekatika siku mbili, unabaki na kamstari dhaifu kanakokatiza. Kwa mtu mzima vile vimistari viko ovyo ovyo maana kila unyoya uliota wakati wake. Kwa kinda mkia mzima uliota pamoja, kwa hiyo kamstari kanapita usawa mmoja kutoka unyoya wa kwanza mpaka wa mwisho kama mtu kapiga rula. Nikiuona huo mkia sina haja ya kuuliza umri.

Na kuna mchezo wa taa ya UV, ile miale ya urujuanimno. Manyoya ya bundi yana rangi za asili zinazoitwa pofirini, ukimulika chini ya bawa zinawaka pinki kali hadi unacheka, na mwanga wa jua unaziua taratibu, kwa hiyo unyoya mpya unawaka sana, wa zamani umefifia. Bawa la kinda linawaka usawa mmoja, la mtu mzima ni kama jengo la ghorofa baadhi ya vyumba vimezimwa taa. Hii wanafanya watu wenye kibali ndege akiwa mkononi na kichwa kimefunikwa, usije ukaenda kummulika huyo wa darini machoni tafadhali.

Aina nyingine watoto ni wepesi zaidi. Wale wa jamii ya Strix wa msituni, kinda likitoka kiotani mwili wote ni laini una mistari mistari ya ukungu lakini mabawa na mkia tayari ni vya kiutu uzima, anaonekana kama kavaa sweta juu ya suti. Sweta likivuliwa unabaki na ncha za mkia. Strix occidentalis wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, kijana ncha za mkia wake zimechongoka na ni nyeupe safi, anakaa nazo mpaka miaka miwili na kidogo, mzee ncha zake ni za mviringo zina madoa madoa.

Mchungulia_dari:

Mama_Makinda shikamoo kabisa. Mimi ni kaka, na hapo kwenye suruali iliyochanika umenikamata maana bonge wangu ndo yuko hivyo hivyo wiki hii.

Sasa hiyo sheria ya madoa mengi ndo jike, niiweke kwa bundi wote? Maana niliwahi kuona picha ya bundi wa theluji ana milia meusi mwili mzima nikajua ni dume kwa ule ukali.

Jicho_la_usiku:

Bundi wa theluji ndo mwalimu mzuri wa somo hili na ndo mtego mbaya vile vile. Bubo scandiacus. Yule mwenye milia uliyemwona kuna uwezekano mkubwa ni jike, au ni kijana. Dume kadiri miaka inavyokwenda anazidi kuwa mweupe, mzee unaweza ukamkosa kwenye theluji ukaona macho ya njano tu, jike anapungua milia akizeeka lakini kwa kawaida haishi kabisa. Na yeye ndo anakaa kwenye kiota, ambacho ni kashimo tu ardhini kwenye nyika tupu ya Aktiki, ile milia inamsaidia asionekane kati ya mawe na nyasi. Jike anapita kilo 2, dume yuko chini kidogo ya hapo.

Mtego uko hapa. Dume la mwaka wa kwanza nalo lina milia. Kwa hiyo milia ya kati kati inaweza ikawa kijana dume au bibi kizee, na picha nyingi mtandaoni zimeandikwa "jike" kwa mazoea tu. Zile nyeusi tii za milia mizito kweli kweli ni binti wa mwaka wa kwanza, hapo huwa hakuna ubishi mkubwa. Kwa vijana wataalamu wanafungua bawa, wanaangalia yale manyoya ya katikati ya bawa, alama zikiwa madoa yamejitenga wanaelekea dume, zikiwa mistari inayokatiza wanaelekea jike. Na makinda yao ndo kichekesho, wanaanguliwa weupe halafu wanavaa malaika ya kijivu cha majivu, watoto wa ndege mweupe kuliko wote wanaonekana kama wametoka jikoni kwenye masizi, na siku uso mweupe unapochomoza katikati ya kijivu utasema kavaa barakoa.

Ila ukitoka kwa huyo na wa uso wa kopa, bundi wengi dume na jike mavazi ni yale yale. Msituni kuna wenye rangi mbili kabisa, wapo wa kijivu na wapo wa kahawia au wekundu kwenye aina hiyo hiyo moja, na watu wanaapa wekundu ndo majike. Hapana. Ni kama watu kuwa na weusi tofauti, mama kijivu baba kahawia, kiota kimoja kina wote. Kuna bundi mkubwa wa Verreaux, yule mwenye ngozi ya juu ya macho ya pinki kama kapakwa wanja, nimeona mtu anasema hao wa pinki ni majike wamejiremba. Madume nayo yana pinki mkuu.

Ninayempenda zaidi kwenye hii mada ni bundi wa mashimoni, Athene cunicularia wa Amerika. Huyo ametuvurugia kanuni zote. Kwanza dume hazidiwi ukubwa na jike, wako sawa au dume kapita kidogo. Pili wakati wa kuzaa utaona dume amepauka na jike amekolea rangi, ukadhani ni tofauti ya maumbile, kumbe ni jua! Jike yuko chini shimoni anaatamia, dume kasimama mlangoni analinda kutwa nzima juani mpaka manyoya yamechujuka kama shati la kuanika. Watoto wao unawajua kwa kifua, hakina mistari, ni rangi moja tu ya mchanga.

Kigogota_mti:

Nimekubali nimeshindwa kwenye vipembe 😂 Ila naomba kuuliza kiungwana sasa. Kama madoa yanadanganya, ukubwa unadanganya, jua linadanganya, kuna anayejua kwa uhakika kweli au wote tunakisia?

bawa_kimya:

Uhakika upo. Damu au unyoya wenye mzizi unapelekwa maabara, wanasoma DNA. Kwa ndege ni kinyume chetu sisi, jike ndo mwenye kromosomu mbili tofauti wanaziita Z na W, dume ana Z mbili. Wakiiona W basi kesi imefungwa hata kama ndege ni mweupe kama karatasi.

Bila maabara, msimu wa kuzaa kuna kiraka cha kuatamia. Jike anapukutika manyoya ya tumbo, ngozi inabaki wazi ina joto ili iguse yai moja kwa moja. Kwa bundi dume haatamii kwa hiyo hana. Lakini hiyo mpaka umshike mkononi na umpulizie manyoya yafunguke, sio kazi ya kamera.

Na kwa wale wanaofanana mavazi tumia masikio badala ya macho. Bubo virginianus wa Amerika wakiitikiana usiku, sauti nzito ni ya dume mdogo na sauti nyembamba ni ya jike mkubwa, wengi wanabadilisha hapo. Strix aluco wa Ulaya ule mlio mrefu wa kutetemeka ni wa dume zaidi, na ule mkali mfupi wa "kiwik" ni wa jike zaidi, watu wanasikia wawili wanajibizana wanadhani ni ndege mmoja anaimba wimbo mzima.

Mchungulia_dari leta majibu ya folda bwana, tunasubiri.

Mchungulia_dari:

Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa, picha zilikuwa 340 na nyingi ni ukungu mtupu.

Nimetupa zote za flashi. Nimebaki na 22 za mwanga wa jioni. Cha kwanza, yule mweupe "asiye na hata doa moja" anavyo vidoa! Viwili vitatu ubavuni, vidogo kama ncha ya kalamu, flashi ilikuwa imevifuta. Chini ya bawa ni safi kabisa. Yule wa asali nimempata kwenye picha moja amefungua mabawa yote mawili anatua, na vidoa vinaendelea mpaka ndani ya kwapa, nimevihesabu nikafika 60 nikaacha. Kwa hiyo baba ni mweupe, mama ni pilipili manga, nimemtumia rafiki yangu hizo picha mbili hajajibu mpaka saa hii na namwona yuko mtandaoni.

Cha pili, hii Mama_Makinda itakufurahisha. Kwenye bawa la mama kuna manyoya kama manne yamekolea yamechanganyika na yaliyopauka. Kwenye bawa la baba nimeona moja tu, katikati, jeusi jeusi, mengine yote yamechakaa sawa. Nimehesabu kutoka ndani nikapata sita, nikahesabu tena nikapata tano, picha yenyewe ina ukungu kidogo.

Mama_Makinda:

Kwa hiyo baba ni kijana mdogo kaoa mama mwenye umri kuliko yeye, hongera zao 😂 Hesabu ya sita na tano usiumize kichwa, hata mkononi watu wanarudia. Piga nyingine akigeuka upande wa pili, kama na bawa hilo lina moja mahali pale pale basi naamini.

Na hao watatu?

Mchungulia_dari:

Bonge kifua kimeshafunguka robo, naona rangi ya asali na madoa. Wa kati bado pamba. Kadogo jana kalikanyagwa na ndugu zake kakaangukia ndani, leo kako kwenye kitundu kama kawaida kanakoroma kuliko wote. Nimeandika bonge "binti" na alama ya kuuliza mbele.